Vipande Vinne vya Kandambili

Mwalimu aliyenifundisha hisabati Kasulu ameniruhusu kukisimulia kisa hiki kwa sharti moja. "Kosa litaje," alisema, "mwenye kosa mwache." Kwa hiyo humu ndani yeye ni Mwalimu tu, na jirani yake ni Mama Mashine, kama mtaa mzima unavyomwita, kwa kuwa mashine ya kusaga aliyoachiwa na marehemu mumewe ndiyo iliyosomesha watoto wanne.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vumbi, kabla barabara ya Kasulu kwenda Kibondo haijapata lami. Mwalimu alikuwa amestaafu karibuni. Badala ya kununua pikipiki kama wenzake, aliteremka Ujiji akanunua gramafoni kwa familia iliyokuwa ikihama: pleya ya santuri, amplifaya, na spika mbili kubwa zenye vitambaa vya kahawia. Alipofika nyumbani alilisogeza kabati la mbao hadi kwenye kona ya sebule, akaiweka pleya katikati na spika moja kila upande, kama bwana harusi na wapambe wake. Mkewe alilitazama kabati, akasema limependeza. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na hakuna aliyeliona, kwa sababu lilikuwa limependeza.

Santuri zake zilikuwa chache, nyingi ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za enzi ambazo nyimbo za bendi zetu zilikuwa zikichapwa Nairobi na kurudi kwetu zikiwa sahani nyeusi. Nyingine aliziazima Kibondo kwa rafiki yake wa tangu ujana, tabibu msaidizi mstaafu ambaye watu wanamwita Dokta. Katika hizo ilikuwamo moja ya Tabora Jazz ambayo Dokta aliikabidhi kwa mikono miwili. "Hii nimeitunza kuliko meno yangu," alimwambia. "Irudi kama ilivyoondoka."

Juma la kwanza mambo yalikuwa shwari, maana Mwalimu alipiga muziki kwa sauti ya chini. Juma la pili alikaribisha wageni, akaongeza sauti. Kitufe kilipofika nusu, besi ikaanza kuvimba. Ilivuma yenyewe, uuuu, bila mpigaji, hadi vioo vya dirisha vikaitika. Akapunguza, ikatulia. Akaongeza, ikarudi. Mgeni mmoja aliuliza kama ni tetemeko. Wakubwa wa Kasulu hawalichezei neno hilo. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi chini ya Ziwa Tanganyika iliruka kwa ukubwa wa 6.8, na mtu aliyekuwepo siku ile hasahau.

Mwalimu hakuona tetemeko. Aliona mashine ya kusaga.

Ilikuwa hatua kama thelathini kutoka ukuta wake wa nyuma. Injini yake ni ya mtindo wa zamani wa Lister, yenye silinda moja na magurudumu mazito mawili ubavuni, ile inayosema tuku-tuku-tuku toka asubuhi hadi jioni. Mwalimu alijaza maji kwenye glasi, akaiweka juu ya kabati, akangoja. Injini ilipowaka, uso wa maji ukafanya vijiwimbi vyembamba. Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu aliyemkamata mwizi akiwa na kuku mkononi.

Alikwenda kwa Mama Mashine siku hiyo hiyo.

"Mama, mashine yako inanitikisia nyumba."

"Mwalimu, mashine hii ilikuwa hapa kabla ya hicho kinanda chako. Mbona miaka yote hukulalamika?"

"Miaka yote sikuwa na kinanda."

"Basi," alisema Mama Mashine, akiendelea kukung'uta unga wa muhogo kwenye kanga yake, "huenda tatizo limekuja na kinanda."

Sentensi hiyo ilikuwa na jibu lote ndani yake. Mwalimu aliisikia kama ufidhuli.

Alirudi nyumbani akitafuta kinga. Akili ilimwambia kwamba kinachozuia mtikisiko ni kitu laini, kwani godoro ni laini na mtu hulala juu yake salama. Alichukua kandambili kuukuu, akakata vipande vinne vinavyolingana, akavipanga chini ya miguu minne ya pleya. Pleya ikabonyea kidogo, ikakaa kama ng'ombe aliyelala. Akaweka santuri, akashusha sindano. Jirani akawasha injini. Sindano ikaruka.

Tangu aijue pleya ile, sindano haikuwahi kuruka. Mvumo ulikuwepo, ndiyo, lakini sindano ilikuwa imetulia. Sasa iliruka kila injini ilipowaka, mara mbili, mara tatu katika wimbo mmoja. Mtu mwingine angeiondoa kandambili aone. Mwalimu yeye alifikiri hivi: ikiwa nimeweka kinga na bado inaruka namna hii, bila kinga ingekuwaje? Akaona jirani yake amezidisha ubaya. Akachukua sarafu, akaibandika juu ya kichwa cha mkono wa pleya ili sindano ishike chini. Sindano kama ile huhitaji kulala kwa uzito wa gramu 2 hivi, kwani mfereji wa santuri una upana wa kama sehemu 5 za mia ya milimita, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Sarafu iliongeza uzito mara kadhaa. Kuruka kulipungua kwa siku moja. Siku ya pili injini iliwaka katikati ya wimbo wa Tabora Jazz, sindano ikaruka ikiwa imebebeshwa mzigo, ikateleza kuelekea katikati ya sahani, ikaacha mstari mweupe. Santuri aliyotunza Dokta kuliko meno yake ikapata jino bovu.

Hasira ya mtu aliyeharibu kitu cha kuazima haina mwisho mzuri. Mwalimu alilipeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alitaka haki ionekane kwa macho. Aliagiza jaribio, na alasiri moja watu wakajaa dirishani kwa Mwalimu, wakiwamo kina mama wenye ndoo za mahindi na muhogo mkavu waliokuwa wakingoja zamu ya kusaga. Injini ilizimwa. Mwalimu akapiga wimbo mzima, sindano haikuruka. Injini ikawashwa. Kabla wimbo haujafika nusu, sindano ikaruka mara mbili, na umati ukaguna. Injini ikazimwa tena, sindano ikatulia. Nani angebisha? Ni kweli kwamba injini ilipokuwa imezimwa na Mwalimu akaongeza sauti, ule mvumo wa besi ulirudi, tena kwa nguvu. Mama Mashine akanyanyua kidole, akauliza, "Na hiyo ni nani?" Mwalimu akasema ni mabaki. Mabaki ya nini, hakuna aliyeuliza.

Uamuzi ulitolewa: mashine isiwashwe kuanzia saa tisa alasiri. Saa tisa ndiyo saa ambayo watu hutoka shamba na ndoo zao. Kwa majuma mawili wateja wa jioni walikwenda kusaga upande wa sokoni, na wengine wakazoea huko. Mwalimu alisikiliza muziki wake kwa sauti ya chini, akiamini ameshinda kesi.

Ilibaki kuirudisha santuri ya Dokta. Alipanda Coasta asubuhi kwenda Kibondo, santuri ikiwa kwenye bahasha juu ya mapaja yake. Walipopita Mvugwe, barabara ya changarawe ilikuwa imejifinyanga mawimbi kama bati la paa. Dereva alipokwenda polepole, gari lilipanda na kushuka kila wimbi kwa adabu. Alipoongeza mwendo kidogo, gari zima likaanza kutetemeka, viti vikagongana, kuku wa mtu akapiga kelele chini ya benchi. Alipoongeza zaidi, ajabu ikatokea: mtetemeko ukafifia, gari likaelea juu ya migongo ya mawimbi.

Mwalimu, aliyekaa kiti cha mbele, alimuuliza siri yake.

"Mzee, mwendo wa katikati ndio unaoua gari," alisema dereva. "Hapo mawimbi yanagonga sawasawa na springi inavyopenda kuruka. Chini ya hapo, salama. Juu ya hapo, springi haiwahi kuitikia. Ila huko juu matairi hayashiki ardhi, kwa hiyo usiwaambie vijana."

Mwalimu alicheka. Hakujua bado kwamba amesomewa hukumu yake.

Dokta aliipokea santuri, akaiinamisha kwenye mwanga, akauona mstari. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaita ndani, "Njoo umsikilize Mwalimu, ana mgonjwa." Akatoka mpwa wake, fundi redio. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Mwalimu akasimulia yote, kuanzia kabati hadi hukumu ya mwenyekiti, na kadiri alivyosimulia, macho yake yalikuwa yakizunguka sebule ya Dokta. Pleya ya Dokta haikuwa juu ya kabati lolote. Ilikaa kwenye rafu fupi iliyofungwa kwa vyuma ukutani, kwenye matofali ya kuchoma, juu ya ubao mzito wa mninga. Spika zilikuwa ukuta wa pili, zimepandishwa juu ya matofali mawili mawili. Mwalimu alikuwa amekaa katika chumba kile mara kumi, akidhani rafu iliwekwa juu kwa sababu ya wajukuu. Kumbe hata Dokta mwenyewe alidhani hivyo, mpaka mpwa wake alipomweleza kwamba amepatia kwa bahati.

Fundi hakuanza na dawa. Alianza na maswali.

"Spika zako zimekaa wapi?"

"Juu ya kabati, pande zote mbili za pleya."

"Na kabati?"

"Kwenye kona."

Fundi akaizima mota ya pleya ya Dokta, akaiweka sindano juu ya santuri kuukuu iliyosimama, akaongeza sauti kidogo kidogo, kisha akagonga rafu kwa ukucha. Spika zikasema dum, kwa mbali. "Sindano haijui kama ni wimbo au ni mlango," alieleza. "Kazi yake ni kupokea mtikisiko. Tangu mwaka 1954 santuri huchongwa kwa kanuni moja: besi inapunguzwa wakati wa kuchonga, halafu amplifaya inairudisha. Mlio wa chini kabisa unaosikika, wa mara 20 kwa sekunde, hukuzwa kama mara tisa kuliko mlio wa katikati wa mara 1,000. Sasa wewe umeiweka spika juu ya ubao uleule. Spika inatikisa kabati, kabati linatikisa sindano, sindano inaipelekea amplifaya, amplifaya inairudishia spika ikiwa kubwa zaidi, na kona inaivimbisha besi vilevile. Ni ng'ombe anayejinyonya maziwa. Ule mvumo ni wako, Mwalimu. Ungevuma hata kama Kasulu nzima haina injini."

Mwalimu akakumbuka kidole cha Mama Mashine kilivyonyanyuka. Lakini hakukubali upesi. "Na kuruka? Kuruka kuliacha injini ilipozimwa. Watu wameshuhudia."

"Kuruka kulianza kabla au baada ya kandambili?"

Kimya kikapita. "Baada."

"Zilibonyea kiasi gani pleya ilipokaa?"

"Milimita mbili hivi."

Fundi akamsogezea kalamu na kipande cha karatasi, akamwambia mafundi wana hesabu ya mkato. Kitu kikikaa juu ya springi au mpira na kikabonyea, chukua 15.8, gawanya kwa kipeuo cha pili cha mbonyeo kwa milimita, nawe utapata ni mara ngapi kwa sekunde kinapenda kuruka. Mwalimu aliyesomesha vipeuo kwa miaka thelathini hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kipeuo cha pili cha 2 ni 1.41. Kumi na tano nukta nane gawanya kwa 1.41: mara 11 kwa sekunde.

"Mkono wa pleya na sindano yake," fundi aliendelea, "navyo vina springi yao. Watengenezaji huipangia kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde makusudi, ili iwe juu ya nyayo za watu na mawimbi ya santuri iliyopinda, na chini ya muziki. Ni uchochoro mwembamba ambapo kwa kawaida hapapiti mtu. Sasa ile injini ya Lister inazunguka mara ngapi kwa dakika?"

Mwalimu alijua. Kibandiko cha chuma ubavuni mwa injini kilikuwa kimemkodolea macho siku zile zote za ugomvi. Mara 650. Akaandika 650, akagawanya kwa 60, akapata 10.8. Akaitazama namba ile kwa muda mrefu, kisha akaweka kalamu chini.

Injini ilitikisika karibu mara 11. Mkono wa pleya ulikuwa tayari kuitikia jirani ya hapo. Vyote viwili vilikuwa vimeishi hatua thelathini mbali bila kusumbuana, maana kilichofika kutoka ardhini kilikuwa kidogo mno. Kisha mtu mmoja akaja na kandambili iliyobonyea milimita 2, nayo ikaupokea mtikisiko ule mdogo, ikaukuza, ikaukabidhi kwa sindano. Mashine haikuwa na hatia mpaka yeye mwenyewe alipoifungulia njia. Ndio mwendo wa katikati unaoua gari.

Ulaini peke yake hauzuii mtikisiko. Springi huanza kukinga pale tu mtikisiko unapoizidi kasi yake ya asili kwa mara 1.4 na zaidi. Ukilingana nayo, springi inaukuza, na chini ya hapo haifanyi kitu. Ndiyo maana wanaotaka kukinga kwa springi huitaka iwe laini sana na iliyobebeshwa mzigo, si laini kidogo. Mmarekani Edgar Villchur aliitumia njia hiyo katika pleya aliyoitoa mwaka 1961: sinia na mkono vilishikana juu ya kiunzi kimoja, kiunzi kikaning'inia kwa springi tatu laini, hata kikitikisika, sindano na santuri vinakwenda pamoja na hakuna kinachosomwa. Fundi wa Kibondo alipata jambo lilelile kwa tyubu ya baiskeli ya mtoto iliyotiwa upepo kidogo na kulazwa chini ya ubao mzito. Ukiubonyeza ubao na kuuachia, unapanda na kushuka kama mara 3 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, mtikisiko wa mara 10.8 unabaki kama sehemu moja ya 12, na mpira wenyewe unafanya kazi ya shokomzoba, unazuia ubao usiendelee kucheza. Lakini alionya: tyubu ni ya sakafu ya saruji iliyokaa juu ya ardhi, kama ya Kasulu. Kwenye ghorofa ya mbao au ya boriti, kama nyumba za kale za Mji Mkongwe, mtu hutembea kwa hatua mbili hivi kwa sekunde na sakafu inadunda naye. Huko tyubu itacheza ngoma pamoja na nyayo, na dawa ni rafu ya ukutani.

Mwalimu alirudi Kasulu na daftari jipya. Safari hii alibadilisha kitu kimoja kwa siku moja, akaandika, kisha akangoja kesho. Siku ya kwanza aliondoa vipande vya kandambili na sarafu, akawasha pleya huku Mama Mashine akisaga asubuhi: sindano haikuruka hata mara moja. Siku ya pili alishusha spika kutoka kabatini, akazipeleka ukuta wa mbali juu ya matofali: kitufe kikafika nusu bila mvumo. Siku ya tatu alifunga rafu ukutani na kuisawazisha kwa pima maji: kitufe kikafika robo tatu. Tyubu hakuihitaji. Gharama yote ilikuwa ubao, vyuma viwili na skrubu nane.

Siku ya nne ndiyo iliyokuwa ngumu. Alikwenda kwa mwenyekiti akaomba shauri lifunguliwe upya, mshitaki akiwa mshitakiwa. Mwenyekiti alisema lakini sote tulishuhudia. Mwalimu akajibu kwamba walishuhudia injini ikizimwa na kuwashwa, ila hakuna aliyeona kandambili ikitolewa na kurudishwa, na yeye ndiye aliyepaswa kulifikiria hilo, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha nusu ya waliokuwa dirishani kwamba mlinganyo wenye vitu viwili visivyojulikana haupati jibu kwa mstari mmoja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi huitumia methali hiyo kwa ndugu na marafiki wabaya. Kisa hiki kinaipeleka mbele kidogo. Mara nyingine kikulacho ni nguo yenyewe uliyoivaa ili ujikinge. Anayeona maji yakitikisika kwenye glasi amepata swali, hajapata jibu. Aulize kwanza mtikisiko unatoka wapi, unakuja mara ngapi kwa sekunde, na unapitia wapi. Na katika hayo aanze na vile alivyoviweka kwa mkono wake mwenyewe. Asipoanza hapo, atapata mashahidi, atapata hata hukumu, na jirani yake atapoteza wateja wa jioni.

Mama Mashine hakutaka fidia ya pesa. "Mimi nilidhani walimu hupima kwanza ndipo husahihisha," alisema, na hilo lilimtosha. Ila aliomba kitu kimoja: asikie wimbo uliomfungia mashine. Dokta alikuwa ameikataa santuri yenye mstari na kumwachia Mwalimu kama cheti. Basi Jumamosi moja, injini ikiwa inanguruma nyuma ya ukuta chini ya usimamizi wa kijana wake, Mama Mashine alikaa sebuleni na chai ya tangawizi, na Mwalimu akaishusha sindano. Besi ikatoka safi, magitaa yakafuata, sindano imetulia. Katikati ya wimbo ikafika kwenye ule mstari mweupe. Tk. Ikazunguka. Tk. Ikazunguka tena. Tk.

Mama Mashine akatega sikio, kikombe kikiwa karibu na mdomo.

"Na huo mlio, Mwalimu? Nao ni mashine yangu?"

"Hapana, Mama," alisema Mwalimu. "Huo ni wangu."